Zima taa, songeni karibu: maswali yenu ya muvi na gemu za kutisha

Toleo lililopita niliwaambia vile Jumamosi usiku kwangu ni siku ya kutishana, ikiwa si muvi basi ni gemu ya mezani, na sikujua kumbe tuko wengi hivi. Barua zimejaa. Nimechukua sita, zingine zinafanana kwa hivyo ukiona swali lako limeulizwa na mtu mwingine jua nimekusoma.

MATHE ANASEMA NAKARIBISHA MAPEPO

Sasa dada. Niko na miaka 24, bado naishi na mathe hapa Kahawa West. Muvi za kutisha ndio raha yangu, nikitoka kazi Ijumaa nafunga mlango naweka moja naangalia nikiwa chini ya blanketi. Mathe akisikia zile kelele anaanza kuomba kwa sauti huko nje, asubuhi ananiambia naleta mapepo kwa nyumba. Kwani niko na shida? Mtu wa kawaida anaweza kupenda kuogopa hivi? — Wa Blanketi

Wa Blanketi, huna shida yoyote. Ukiogopa moyo unapiga mbio, mikono inatoa jasho, mwili unajitayarisha kukimbia, lakini akili inajua vizuri kabisa uko kitandani kwenu na rimoti iko mkononi. Utamu uko hapo katikati, mwili unaamini na akili haiamini. Huko Denmark, Chuo Kikuu cha Aarhus, kuna watafiti ambao hii ndio kazi yao, na 2020 walichapisha matokeo ya watu 110 waliofungwa vifaa vya kupima moyo wakaingizwa kwa nyumba ya kutisha, ile ya watu kulipa ndio wafukuzwe na mazombi, na wakapata raha iko katikati: ukiogopa kidogo sana unaboeka, ukiogopa kupita kiasi raha inakufa. Halafu 2021 ukatoka utafiti mwingine ukaonyesha mashabiki wa muvi za kutisha walisumbuka kimawazo kidogo kuliko wengine wakati wa korona. Sisemi muvi ni dawa, utafiti kama huo hauonyeshi ni nini kilileta nini, lakini pia haikuonekana ni ugonjwa.

Na hata tuwache wazungu. Mimi likizo ya Disemba nilikuwa nalala kwa shosho, jikoni, moshi unauma macho, na yeye anatusimulia ya irimu, yaani zimwi, lenye mdomo wa pili huku nyuma ya kichwa, mdomo umefunikwa na nywele, na kila mara mtu akimkaribia tulikuwa tunasongeana mpaka binamu yangu mdogo anakaliwa. Hakuna mtu aliita hiyo mapepo. Iliitwa hadithi, na ikiisha tulitaka nyingine.

Kwa mathe usibishane na maombi yake, vaa iafoni na upunguze sauti, hapo ana haki kabisa. Lakini siku moja mkiosha vyombo pamoja muulize yeye alikuwa anaogopa nini akiwa msichana. Wangu nilimuuliza hivyo na akanipa ile ya mwanamke mrembo anayepewa lifti usiku huko Mombasa, dereva anaangalia chini anaona kwato, nanyi mnaijua, lakini yeye aliisimulia na kitambaa mkononi, maji ya bomba bado yanamwagika, na alivyofika kwa kwato alinyamaza tu akaniangalia miguu. Sijawahi kuona muvi imefanya hivyo.

NIANZE NA GANI?

Dada, kuna msichana tunaelewana vizuri sana na anataka tuangalie muvi ya kutisha pamoja lakini ameniambia damu nyingi hawezi. Nisije nikaharibu. — Jamaa wa Rongai

Get Out, ya Jordan Peele, 2017. Hofu yake iko kwa tabasamu za watu, kwa mama anayekoroga chai polepole, damu inakuja mwisho mwisho tu na uniamini atakuwa ameshashikwa. Ilishinda Oskari ya mswada. Na kuna zawadi yenu nyinyi wawili humo ndani: mapema tu, majina yakipita kwa skrini, mtasikia sauti zinanong'ona kwa Kiswahili. Ni wimbo wa Michael Abels unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, na unamwambia ndugu akimbie, ajiokoe. Fikiria kumbi zote za Marekani zilizojaa watu wasioelewa hilo onyo, na wewe hapo Rongai umelielewa kabla hata mhusika hajafunga begi lake.

Mkiipenda nendeni kwa Us ya 2019, Lupita wetu anacheza watu wawili na sauti ya yule wa pili haitakutoka. Na kama bando ni shida, Night of the Living Dead ya 1968 haina haki miliki, walipobadilisha jina la muvi wakasahau kurudisha ile alama ya hakimiliki, kwa hivyo unaipata bure bila kumuibia mtu. Hiyo ina ulaji wa watu lakini ni ya nyeusi na nyeupe, muulize kwanza.

Akisema zima, zima hapo hapo. Hata kama imebaki dakika tano.

STIMA IKIPOTEA

Tuko watano, tunaishi ploti moja Umoja. Stima hupotea huku karibu kila wiki na tukishamaliza chaji za simu tunakaa tu gizani tunapiga stori za siasa. Umesema kuna gemu za kutisha za mezani. Zinahitaji pesa? Mezani tunajua tu kadi na ludo. — Ploti ya Watano

Watu wangu, mko na kila kitu na hamjui! Giza ndio kitu ghali zaidi kwa hizi gemu, watu wengine wanafunga pazia na kuzima taa kulitafuta na nyinyi mnaletewa bure.

Kwanza nieleze aina yenyewe. Mnakumbuka kalongo, wewe ni baba wewe ni mama wewe ni daktari? Ni hiyo, ya watu wazima. Mmoja anakuwa msimulizi, anasema mko wapi na mnaona nini, wengine kila mtu ana mhusika wake anasema atafanya nini, na kukiwa na jambo la bahati kitu fulani kinaamua, mara nyingi dadu.

Iko moja inaitwa Ten Candles, ilitoka 2015, ya Stephen Dewey, ni kama aliiandika akiwa Umoja. Jua limepotea, dunia imekuwa giza, na kuna vitu huko gizani. Mnawasha mishumaa kumi. Kila mtu anaandika tabia za mhusika wake kwa vikaratasi, uzuri wake, ubaya wake. Dadu ni zile za ludo, mnaanza na kumi, mnarusha zote mkitafuta sita, na zikikataa mshumaa mmoja unazimwa, dadu za wachezaji zinapungua na za msimulizi zinaongezeka. Ukitaka kurusha tena zile zilizotoka moja, unachoma kikaratasi cha tabia yako kwa moto wa mshumaa. Mshumaa ukizimwa na upepo pia umeenda, hamwashi tena. Na kila mtu anajua kutoka mwanzo kwamba wa mwisho ukizima wote wamekufa, hakuna kushinda. Sasa kuna kitu kimoja, mwanzoni mnarekodi kwa simu ujumbe wa mwisho wa wahusika wenu, na mwisho, giza totoro, mnausikiza. Mara yangu ya kwanza tulikaa hivyo kama dakika mbili hakuna mtu anataka kuwa wa kwanza kuwasha tochi. Kwa hivyo wekeni chaji kidogo kwa simu moja. Na tafadhali mishumaa ikae ndani ya sinia ama sufuria pana, mtungi wa gesi uwe mbali, ndoo ya maji karibu, hivyo vikaratasi vinawaka kuliko mnavyodhani.

Ya pili ndio ninayoipenda kushinda zote, Dread, ya 2005. Haina dadu kabisa. Ina mnara wa Jenga, vile vipande vya mbao vinavyopangwa juu kwa juu halafu mnavuta kimoja kimoja bila kuuangusha. Hilo neno Jenga ni letu, aliyeitengeneza hiyo Jenga, Leslie Scott, alizaliwa Tanganyika akakulia hapa Afrika Mashariki, akaipeleka kwa maonyesho ya vitu vya kuchezea London 1983 na jina akalichukua kwa kujenga. Kwa Dread mhusika wako akitaka kufanya kitu kigumu unavuta kipande. Ukikataa kuvuta hufaulu lakini uko hai. Mnara ukianguka mkononi mwako, umekufa, hadithi inaendelea bila wewe. Na ukiamua kuuangusha mwenyewe kwa makusudi unafanya jambo moja la kishujaa na unaondoka nalo.

Hadithi yetu ya Dread ilikuwa matatu ya mwisho kutoka tao, saa tano usiku, abiria sita na makanga, na tukipita Thika Road makanga anahesabu nauli zinatosha watu saba. Hapo mnara ulikuwa bado imara watu wanacheka. Tulipofika karibu na Githurai mnara umekuwa kama meno ya mzee, mapengo tupu, uko juu ya stuli na mshumaa nyuma yake, kivuli chake kwa ukuta kinatingika hata kama hakuna mtu amegusa. Rafiki yangu alikuwa anataka kufungua mlango wa gari. Kitu rahisi hivyo, mlango. Alishika kipande kwa vidole viwili, akakisukuma kidogo, akatoa mkono, akapanguza vidole kwa suruali, akarudi, na sisi wote tumeacha kupumua ndio tusipeperushe. Hakuna muvi inakupa hiyo juu kwa muvi mkono si wako.

Jenga ni vipande 54, safu kumi na nane za vitatu vitatu. Yetu ilikatwa na fundi wa mbao kwa mabaki ya kazi yake, mwambie tu apige msasa vizuri na vipande vitoshane, vikipishana sana mnara hausimami.

CTHULHU NA SISI

Dada, nilisoma kuhusu gemu ya Call of Cthulhu nikaipenda, lakini yote ni wazungu wa Marekani 1920 na majumba makubwa. Tutaichezaje hapa bila kujifanya? — Mpelelezi, South B

Mpelelezi, swali zuri sana na nimelifikiria miaka. Call of Cthulhu ni ya Sandy Petersen, kampuni ya Chaosium, 1981, imetokana na hadithi za kutisha za mwandishi Mmarekani, H. P. Lovecraft. Sheria fupi za kuanzia Chaosium wanazitoa bure kwa tovuti yao, pakua uchapishe pale saiba. Mnacheza wapelelezi, watu wa kawaida, mwandishi wa habari, daktari, mwalimu. Dadu mbili za pande kumi zinakupa namba ya moja hadi mia, ukipata sawa na ujuzi wako ama chini yake umefaulu. Kama huna hizo dadu chukueni kofia, ndani vikaratasi vya sifuri hadi tisa, unachomoa kimoja unakirudisha unachomoa tena. Na kuna alama za akili timamu, kila ukiona kitu ambacho macho hayakupaswa kuona zinapungua, na hazirudi kwa urahisi. Nguvu za gemu ziko hapo, unaweza kumaliza hadithi mzima wa mwili na bado umepoteza.

Lovecraft mwenyewe aliwadharau watu weusi, iko wazi kwa maandishi yake, na huna haja ya kumtetea ndio ucheze. Chris Spivey, mwandishi mweusi, aliandika Harlem Unbound wapelelezi wakiwa watu weusi wa mtaa wa Harlem, New York, miaka hiyo hiyo ya 1920, na yule mnyama wa kutisha akakuta watu ambao tayari wanajua kuishi na hatari. Isome uone mlango umefunguliwa vipi. Na Nairobi iko ndani ya hii gemu kutoka zamani, ile kampeni yao kubwa, yaani hadithi ndefu ya kuchezwa siku nyingi, ya 1984, Masks of Nyarlathotep, inapita Kenya. Imeandikwa na watu wa nje, sisi ni watu wa porini na madhehebu ya siri. Kwa hivyo andika yako.

Ushauri wangu ni uende Makumbusho ya Reli hapo karibu na stesheni. Kuna behewa pale. Juni 1900, stesheni ya Kima, simba alikuwa anakula watu, na afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, akalala ndani ya behewa na wenzake wawili wakimvizia. Zamu ilikuwa yake na usingizi ukamshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, behewa likainama na uzito wake, na mlango ukajifunga nyuma yake. Wako ndani na simba, gizani. Akamtoa Ryall kwa dirisha. Simama karibu na hilo behewa uangalie upana wa dirisha, kisha nenda nyumbani uandike.

Halafu fikiria wapelelezi wako ni nani. Karani wa reli Mhindi anayeona jina moja kwa vitabu vya mishahara vya miaka ishirini. Mwanamke wa Pumwani mwenye nyumba ya kupangisha. Kijana mwenye kipande, kile kitambulisho cha lazima cha wakoloni, shingoni ndani ya kikopo cha chuma, na usiku akikutwa mjini bila sababu anakamatwa, sasa mwambie ajifiche kutoka kwa zimwi na pia kutoka kwa askari. Wachezaji wangu waliogopa askari kushinda zimwi. Kitu kimoja tu mimi sikigusi: wale waliopigwa risasi Machi 1922 wakidai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe. Nawataja kwa hadithi, mji unawalilia, lakini sisemi jini ndiye aliyewaua. Waliowaua wanajulikana.

MTOTO AMEONA

Kijana wangu ana miaka 9, aliangalia muvi ya muuaji mwenye maski kwa jirani, sasa halali na chooni lazima asindikizwe. Nimkemee ama nimuache? — Baba wa Donholm

Usimkemee baba, na usimcheke. Msindikize chooni wiki hii bila maneno mengi. Mchana, jua likiwa limewaka, mweleze zinatengenezwa vipi, watoto wa umri huo wanapenda sana kujua. Yule muuaji wa Halloween ya 1978, maski yake ilikuwa maski ya dukani ya Kapteni Kirk wa Star Trek, wakaipaka rangi nyeupe. Damu ya Psycho ya 1960 ilikuwa sharubati ya chokoleti, juu muvi haikuwa ya rangi. Pakeni chokoleti kwa mkono wa mmoja wenu mpige picha. Na ongea na jirani kwa upole, Bodi ya filamu huwa inaweka alama, GE ni ya wote, PG mzazi awepo, halafu kuna 16 na 18, hiyo alama iangaliwe kabla ya kuweka. Ikipita wiki kadhaa na bado halali, mpeleke kwa daktari wa watoto.

RAFIKI YETU ALIONDOKA

Mimi ndiye msimulizi wa kundi letu. Jumamosi niliweka ajali ya barabarani kwa hadithi, nikaieleza vizuri sana, na dada mmoja akainuka akaondoka bila viatu. Baadaye nikakumbuka ndugu yake alikufa kwa ajali mwaka juzi. Hajajibu meseji. Nimeharibu? — Msimulizi, Kasarani

Pole sana. Nami nimewahi kukaa pale ulipo, kwangu ilikuwa mtoto mchanga ndani ya kisima, na kwa meza kulikuwa na mama aliyekuwa amepoteza mimba na mimi sikujua. Sikujua kwa sababu sikuuliza. Tangu siku hiyo nauliza kabla ya hadithi yoyote kuanza, kila mtu ananiandikia kwa karatasi bila jina vitu ambavyo hataki kabisa viwepo, na vile ambavyo vinaweza kuwepo lakini visielezwe, tuseme tu vimetokea tupite. Nasoma, nachoma karatasi. Halafu katikati ya meza tunaweka kadi yenye alama ya X, John Stavropoulos ndiye aliianzisha, mtu akiigusa msimulizi anafuta kilichosemwa na kuendelea kwingine, na hakuna anayeuliza kwa nini. Wengine wanadhani itapunguza hofu. Kwangu iliiongeza, watu wakijua breki zinashika wanakubali gari liende kasi.

Lakini hayo ni ya Jumamosi ijayo. Leo wacha meseji, panda gari uende kwake na viatu vyake. Usimweleze ulivyokuwa umepanga hadithi, mwambie tu ulikosea na unasikitika, kisha nyamaza. Akitaka kuongea kuhusu ndugu yake kaa hata kama ni mpaka usiku. Usimuulize kama atarudi kucheza. Muulize kama amekula.